Maji ya Ndani: Kutoka Amu hadi Kiwayu kwa Mashua

Kabla hujafunga mzigo, tazama mwezi. Ukiwa mchanga wa siku mbili tatu, au umejaa na ndiyo kwanza umeanza kumegeka, hayo ni maji ya bamvua: bahari hujaa ikapanda ngazi za gati la Amu, na ikipwa hupwa mpaka vyombo vilivyofungwa karibu na ufuo vikalala ubavu. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo hufika kama mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Tena kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo aliyepata njia leo saa 1 asubuhi, kesho kutwa wakati wake ni karibu saa 3. Mtoto wa Matondoni aliyeanza juzi kushika usukani atakuhesabia hayo kwa vidole.

Naanza na mwezi kwa sababu safari ninayotaka kuieleza, ya Amu kwenda Kiwayu kwa maji ya ndani, ratiba yake iko huko juu. Ukiitazama ramani utaona Amu (ndiyo Lamu), Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, na vingine vidogo tele, vimejipanga mbele ya bara la Kenya kuelekea mpaka wa Somalia. Visiwa hivi vimekalia matumbawe ya kale, yaliyoota zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha maji yakashuka na matumbawe yakawa jiwe. Nje ya visiwa ni Bahari ya Hindi yenyewe. Ndani, baina ya visiwa na bara, ni maji ya namna nyingine kabisa: membamba, yenye mikondo na mafungu, mikoko huku na huku. Kusi ikivuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, bahari ya nje hufunga kwa vyombo vidogo. Ya ndani hupitika mwaka mzima, na ndimo Wabajuni walimosafirisha samaki, boriti, mahindi na maharusi wao tangu zama za mababu.

Mimi nilikuwa muuguzi wa serikali. Nimevizunguka visiwa hivi na makasha ya barafu yenye dawa za chanjo, nimekaa juu ya magunia ya unga kwenye boti za abiria, mbuzi wa mtu akinitafuna pindo la buibui. Chanjo ikipata joto imeharibika, kwa hiyo miaka yote ile macho yangu yalikuwa kwenye saa na kwenye barafu. Ufuo ulikuwa kitu cha kupita. Nilipostaafu nikaenda Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Amu, wanakojenga vyombo, nikanunua mashua. Mwanamke kununua mashua! Watu walisema, wakasema, wakachoka.

Ni ya futi 24. Mbao ni mbambakofi, mataruma ni mlilana, na baina ya mbao na mbao imetiwa kalfati ya pamba iliyochovywa mafuta. Ina tanga moja, na mashine ya nyuma ya nguvu farasi 15 kwa siku zisizo na upepo. Nahodha ni mtoto wa kaka yangu, mzaliwa wa Faza. Kazi yangu mimi ni kulipa mafuta, kupika, kuteka ngama, na kuuliza maswali mengi kuliko anavyopenda. Na maswali yangu, nikiyakusanya, yamekuwa yakizunguka jambo moja: kina cha maji. Kwenye chombo kidogo kina ndicho kinachokwambia upite wapi. Ukishapita mara nyingi unaanza kuona kwamba ndicho kilichoamua pia mji gani ukue na upi ubaki magofu.

Chukua Amu yenyewe. Mlango wake, yaani maji yaliyo baina ya mji na kisiwa cha Manda, una kina cha kutosha jahazi lililopakia kuelea katikati hata maji yakipwa. Kwingine katika visiwa hivi bahati hiyo ni haba. Mji ukanenepa: majumba ya mawe, ngome iliyomalizika kujengwa kiasi cha mwaka 1821, punda kila uchochoro, na tangu 2001 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wageni huandika sana juu ya milango yake ya nakshi. Waandike. Sasa vuka upande wa pili, uingie hori refu linalokaribia kuikata Manda katikati, na maji yawe yamejaa, kwani bila hivyo hufiki. Mwisho wa hori ni Takwa: msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya kibla, ukuta uliozunguka mji, mibuyu, na kaburi lenye mnara wake. Palikuwa na watu karne ya 16 na ya 17, kisha wakahama. Wazee wa Shela, kijiji cha kisiwani Amu, husema ndio babu zao, na kwamba visima viliingia chumvi. Watu wa Shela bado huenda pale kuomba dua. Mimi siwezi kusema kama ni chumvi peke yake, ila kila nikiinua macho kwenye lile hori, nikaona jinsi lilivyo bonde la tope maji yakipwa, naona pia biashara isingekaa pale siku nyingi wakati Amu iko ng'ambo na mlango wake umejaa maji saa zote.

Tukiacha mji, tunashika kaskazini. Bara na Manda husogeleana mpaka zikakaribia kugusana, na hapo ndipo Mkanda, njia nyembamba inayotutoa maji ya Amu na kututia ghuba ya Manda. Asiyeupita Mkanda itambidi azunguke Manda kwa nje, na wakati wa kusi huko si mahali pa mashua ya futi 24.

Mkanda una milango miwili. Maji yakijaa huingia kwa kusini na huingia kwa kaskazini. Yanapokutana nguvu huisha, na tope lililobebwa hutua. Zamani boti la Faza likichelewa kidogo tu lilikwama hapo likangoja maji mengine, abiria wakigawana mkate wa mofa na tende za mtu. Nimewahi kupwelewa pale na mama mwenye uchungu, tukimpeleka Amu. Alijifungua humo humo juu ya jamvi, mtoto wa kiume, wakampa jina la nahodha. Miaka ya karibuni serikali ilileta mashine za kuchimba, ikaongeza kina, na leo boti za mwendo kasi zinapita saa ambazo zamani kulasitara walikuwa wakitembea kwa miguu katikati ya njia.

Sisi bado tunapita taratibu. Nahodha huzima mashine, huiinua, hushika upondo na kusukuma kandokando, nje ya njia ya boti kubwa. Upondo ukizama kwenye tope jeusi hupanda mapovu yenye harufu ya kiberiti. Husikii injini, kwa hiyo unaanza kusikia mengine: kamba wadogo wanaogonga gonga chini ya maji, chaza wakifunga maganda, kaa akishuka kwenye shina. Na hapo ndipo utajua kwamba ule ukuta mmoja wa kijani unaouona ukiwa mbali si mti mmoja.

Mbele kabisa, miguu ndani ya maji, husimama mlilana, wenye maua meupe ya nyuzi nyuzi yanayofunguka usiku. Nyuma yake na kandokando ya mahori ni mkoko wenyewe, uliojiinua juu ya mizizi ya matao. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka ikining'inia, kisha huanguka. Ikikuta maji yamepwa hujichoma kwenye tope ikasimama papo hapo. Ikikuta yamejaa huelea, ikaenda kutafuta kwao kwingine. Ndani zaidi ni muia na mkandaa. Na kule nyuma, karibu na nchi kavu, ambako maji hufika bamvua kwa bamvua na jua hukausha hata tope likang'aa chumvi, ni mchu, na chini yake mizizi ya kupumulia imesimama kama penseli, mamia kwa mti mmoja. Chuma jani la mchu ulilambe: chumvi tupu. Mti huinywa pamoja na maji na kuitoa kwa majani. Kila mti una kina chake, na nahodha wangu huitazama miti kabla ya kuutazama upondo. Akiona mkoko umekatika ghafla na mkandaa umekuja mbele, hugeuza omo bila ya kusema neno.

Miti hii ndiyo iliyozipima nyumba zetu. Ingia nyumba yoyote ya kale ya Amu au ya Pate, uinue macho darini: boriti, zimepangwa karibu karibu, zimebeba mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito ule ikiwa ndefu kupita kiasi, kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hivi, hauzidi 3. Majahazi yalipakia boriti hizo hizo yakazipeleka Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti, na vyumba vya huko navyo vikawa na upana wa vyumba vyetu. Biashara hiyo ya nje ilikatazwa na serikali mwaka 1982. Ya ndani ikaendelea, kwa majina yake yale yale ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Kisha mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma. Kilichowashtua wakubwa ni misitu ya milimani na mito iliyokauka, lakini amri ikatufikia na sisi wa tope. Kenya ina mikoko ya hekta kama 61,000, na zaidi ya nusu yake iko katika kaunti hii moja ya Lamu, kwa hiyo uzito wa amri ulituangukia sisi. Sisemi ikatwe ovyo. Mikoko ndiyo kitalu cha samaki na kamba, na ndiyo inayoushika ufuo usiende na maji. Lakini mtu anayelipa leseni, akaingia na shoka na dau, akachagua boriti moja akaacha tatu, hawezi kuwekwa kapu moja na tingatinga. Kuwapa wote wawili amri moja ni uvivu wa kufikiri, na walioulipia uvivu huo walikuwa na watoto wa kulisha.

Tingatinga lilipita wapi? Toka Mkanda utaona.

Ukingo wa kushoto unakatika, ghuba inafunguka, na kreni zinaonekana juu ya miti kabla hujaiona bandari. Hapa ni Kililana. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja kuweka jiwe la msingi la mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, vya kuziunganisha nchi hizo tatu na bahari. Gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Gati tatu za kwanza zimejengwa, kila moja urefu wa mita 400, na maji yake yamechimbwa hadi mita 17.5.

Hebu tuitazame hiyo namba ya mwisho. Muda mfupi uliopita tulikuwa tukisukuma upondo, na maji hayakufika kiuno. Sasa upondo wenyewe, wa mita nne, ukiuachia unakwenda wote. Meli kubwa kuliko msikiti wowote wa visiwa hivi inaweza kukaa hapa isiguse chini. Ghuba hii ilichaguliwa kwa sababu ya kina chake cha asili na visiwa vinavyoikinga, sababu zile zile zilizoipa Amu majumba yake. Tofauti ni kwamba chombo kimekuwa kikubwa mara elfu, na kina kinachotakiwa kimehama kutoka mlango wa Amu kuja hapa.

Na samaki? Mvuvi wa dau la tanga hana uwezo wa kutoka nje ya miamba akarudi kila siku. Uwanja wake ulikuwa ghuba hii na mahori yake. Uchimbaji ulipoanza, maji yakawa ya tope, mikoko ikafyekwa, na njia walizozoea zikawa za meli. Wavuvi na wenyeji wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tangu siku hiyo, ukikaa kwenye gati lolote la Pate, utasikia maneno ya fidia kabla hujasikia bei ya samaki.

Mimi siipingi bandari. Nina jamaa anayefanya kazi ndani yake na mshahara wake unasomesha. Ninachosema ni kwamba ukipita pale kwa mashua unaelewa kwa macho yako jambo ambalo kwenye karatasi huonekana dogo. Sisi tunapita mbali, tukielemea upande wa Manda, kwa kuwa chombo kidogo hakina ruhusa ya kusogea. Boti la doria likija, nahodha hupunguza mwendo, hutoa salamu na vitambulisho. Mabaharia wale ni vijana wa bara, wapole, na huwa na hamu kubwa ya kujua tumepika nini.

Kulia ni Pate, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safari hii, na kina miji inayoweza kukufunza habari ya kina kuliko kitabu. Boti za abiria hazifiki mji wa Pate ila maji yakijaa sana. Kwa kawaida hushusha watu Mtangawanda, ncha ya magharibi, halafu ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Mji huo wa Pate ndio wa masultani wa Kinabahani, uliotawala pwani hii na ukajaa washairi, mafundi wa dhahabu na wafumaji wa hariri. Leo tumbaku inalimwa baina ya kuta zilizoanguka. Vita viliubomoa, hasa vita vya kupigana na Amu pale Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo Pate ilishindwa vibaya ikiwa pamoja na Wamazrui wa Mombasa. Lakini muulize nahodha yeyote, atakwambia kwamba bandari ya Pate ni ya saa chache kwa siku, na mfanyabiashara mwenye jahazi hapendi kungoja.

Siyu iko upande wa kaskazini, na kuingia kwake ni kwa hori linalopinda pinda ndani ya mikoko mpaka chini ya ngome. Tuliingia maji yakiwa yanamalizia kujaa. Hilo ni sharti, maana ukiingia na maji yanayopwa utalala huko. Hori hupungua, hupungua, matawi yakakwaruza mlingoti, halafu kona moja ya mwisho na ngome imesimama mbele yako na minara yake, maji yakiigusa karibu na miguu. Huu ndio mji wa Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona mwenye utendi. Miaka ya 1840 Seyyid Said wa Unguja, aliyekuwa na merikebu za kivita za kutisha pwani nzima, alileta majeshi kuitiisha Siyu na akashindwa. Nikikaa pale kwenye mashua naona sababu moja ya wazi. Merikebu ya mizinga inahitaji maji. Hapa maji yapo kwa saa chache, kwenye njia ya upana wa mashua mbili, na kila kichaka kinaweza kuwa na mtu. Kina kidogo kilichoifukuza biashara kule Pate, hapa ndicho kilichokuwa ukuta wa mji.

Faza haikuwa na bahati hiyo. Wenyeji huiita Rasini, na iko wazi zaidi kwa bahari. Mwaka 1587 Wareno waliivamia wakaua watu na kukata minazi, kwa kuwa iliwaunga mkono Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey. Leo ni mji wa shule, ofisi na kelele. Gati lake limeingia mbali baharini kuyakimbilia maji, na mimi siwezi kulipita bila kusimamishwa. "Daktari, karibu!" Kwao kila aliyewahi kushika sindano ni daktari, na nimeacha kusahihisha. Wanawake niliowachanja wakiwa wachanga sasa huniletea wajukuu zao niwatazame koo. Tunalala hapo. Usiku kwenye maji haya si wa kutembea: mafungu hayana taa, na kwa miaka kadhaa hata uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama.

Asubuhi tunaipita Kizingitini, kwa wavuvi wa kamba mawe, ambao wanunuzi wao huwapigia simu kutoka Mombasa kabla kamba hajafika ufuoni. Halafu Ndau. Kuanzia hapo maji hubadilika rangi. Mahori yenye tope yamebaki nyuma. Chini sasa ni mchanga mweupe na nyasi za bahari, unaona nanga yako inapolala. Kasa hula nyasi hizi, na nguva pia, ingawa nguva sasa ni adimu kiasi kwamba mzee mvuvi akimwona huwa habari ya kijiji kizima. Tumeingia hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Usidhani kwamba kutangazwa kunatosha. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani yote ya Kenya, nalo halikuuliza mipaka ya hifadhi.

Kiwayu ni kisiwa chembamba kama mgongo, na ukipanda kilima chake cha mchanga unaona pande zote mbili kwa pamoja. Mashariki mawimbi yanavunjika kwenye miamba, meupe, hayapumziki. Magharibi ni maji ya ndani, yametulia, madau yamelala, watoto wanaogelea. Mbele zaidi njia inaendelea mpaka Kiunga na mpakani, na zamani watu walikuwa wakifululiza mpaka Kismayu kwa harusi na kurudi. Siku hizi sisi tunaishia hapa. Atakayetaka kwenda mbele na awaulize kwanza maofisa wa usalama wa kaunti, asitegemee maneno ya nahodha anayetafuta nauli. Na popote uendapo, vaa jaketi la uokozi, hata kama maji yanakufika magoti. Nimeshughulikia waliozama kwenye maji ya namna hiyo.

Njiani kurudi tukasimama tena Mkanda. Boti la mashine mbili kubwa lilitupita kwa kasi, likaacha mawimbi mawili yaliyokwenda kujipiga kwenye ukingo, na tukaona kwa macho tope likimeguka chini ya mlilana mmoja, mizizi yake ikibaki hewani. Mingine kadhaa ilikuwa imelala hapo karibu, imeanguka kwa kuelekea majini. Sikuikumbuka kutoka miaka ya makasha ya barafu, lakini siku zile, kama nilivyosema, sikuwa natazama.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa akitazama lile boti. Ana hamu ya mashine ya nguvu farasi 40.

"Shangazi, ndia imechimbwa. Twaogopa nini?"

Nikamwambia wamechimba katikati, hawakuchimba kando, na sisi ni watu wa kando. Akasema kwa mashine kama hiyo tungetoka Faza tukafika Amu kabla maji hayajageuka, tusiwe watumwa wa mwezi. Nikamuuliza na huo ukingo je? Akajibu kwamba boti nyingine zitaubomoa hata sisi tukipita kwa upondo, na hapo sikuwa na jibu la haraka. Tangu hapo hunitumia picha za mashine kwenye simu, mpya na za mitumba, pamoja na bei. Nimemwambia aniletee kwanza hesabu ya mafuta ya mwezi mzima, kwa maandishi. Hajaileta.